Wasomaji Wanauliza: Kipandikizi Kinachoyeyuka Mwilini Hufuatiliwaje Bila Kupasua?

Barua zilizochaguliwa safari hii zinahusu jambo moja. Vipandikizi vinavyoyeyuka mwilini, yaani skrubu, viunzi, mabomba na jeli zinazoshika sehemu iliyoharibika kwa muda, zikazipa seli nafasi ya kujenga tishu mpya na hatimaye zikatoweka, vimekuwa nguzo ya uhandisi wa tishu tangu Robert Langer na Joseph Vacanti walipoueleza uwanja huo kwa upana mwaka 1993. Wasomaji wanataka kujua jinsi daktari au mtafiti anavyoweza kufuatilia kitu ambacho kazi yake ni kutoweka, tena bila kumpasua mgonjwa upya. Barua nyingine zimefupishwa, lakini hoja za waandishi hazikuguswa.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwaka mmoja na nusu uliopita nilifanyiwa upasuaji wa ukano wa goti. Nilielezwa kwamba ukano mpya umebanwa ndani ya mfupa kwa skrubu itakayoyeyuka yenyewe. Juzi nimepigwa eksirei na skrubu haionekani hata kidogo. Je, niamini kwamba imekwisha kuyeyuka?

JIBU: Hapana, usiamini hivyo kwa ushahidi wa eksirei peke yake, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba eksirei hiyohiyo isingeionyesha skrubu yako hata siku ya pili baada ya upasuaji. Mionzi ya eksirei huzuiwa zaidi na vitu vizito na vyenye atomu kubwa, ndiyo maana mfupa wenye kalisi huonekana mweupe na skrubu ya titani huonekana nyeupe zaidi. Skrubu nyingi zinazoyeyuka hutengenezwa kwa asidi ya polilaktiki, ambayo ni kaboni, haidrojeni na oksijeni tu, elementi zilezile zilizojaa katika nyama na mafuta yanayoizunguka. Kinachoonekana kwenye picha yako, ukiitazama vizuri, ni njia iliyotobolewa mfupani, yaani mstari mwembamba wenye kingo nyeupe. Skrubu zilizochanganywa na fosfeti ya kalisi huwa tofauti kidogo, maana chembechembe za kalisi huacha kivuli hafifu, hivyo ni vyema kumuuliza daktari wako ni aina gani uliyowekewa.

Picha inayoionyesha skrubu ya namna hii ni ya MRI, yaani picha ya sumaku. Mashine ya MRI husikiliza viini vya haidrojeni vinavyocheza kwa uhuru ndani ya maji na mafuta. Plastiki ngumu ina haidrojeni, lakini imefungwa mahali pake, haitoi mlio unaosikika. Kwa hiyo skrubu huonekana nyeusi katikati ya uboho unaong'aa, na pengine hata mizunguko ya nyuzi zake huhesabika mmoja mmoja. Kadiri maji yanavyopenya na minyororo ya polima kukatika, kingo zake hufifia, weusi huwa kijivu, na umbo la skrubu huvunjika vipande. Kwa skrubu za asidi ya polilaktiki safi, safari hiyo huchukua miaka miwili hadi mitano, na kwa watu wengine zaidi. Kwa hiyo mwaka mmoja na nusu ni mapema, na kama MRI ikionyesha kwamba skrubu bado ipo, hilo si dalili ya kushindwa kwa tiba.

Ningependa uelewe jambo moja zaidi, kwa sababu litarudi katika majibu mengine. Polima hizi hazipungui kwa mpangilio tunaoutarajia. Kwanza minyororo mirefu ya molekuli hukatwa na maji, kisha nguvu ya kifaa hushuka, na mwisho kabisa ndipo uzito wake unapopungua. Skrubu inaweza kuwa na umbo lote na uzito karibu wote huku nguvu zake zikiwa zimekwisha. Katika goti, hilo halina madhara, kwa kuwa ukano huwa umeshikana na mfupa ndani ya miezi michache ya mwanzo. Unachopaswa kukipeleka kwa daktari bila kusubiri ni maumivu mapya, uvimbe wenye majimaji chini kidogo ya goti upande wa mbele, au kidonda kinachotoa uchafu, kwani mabaki ya skrubu huweza kuamsha mwako, yaani uvimbe wa kujikinga wa mwili, hata baada ya muda mrefu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia. Mwalimu wetu anasema kwamba jibu la kweli kuhusu kiunzi hupatikana kwa kukitoa, kukikata vipande vyembamba na kukitazama kwa hadubini. Kama ni hivyo, kwa nini watu wahangaike na picha za kutoka nje?

JIBU: Mwalimu wako hajakosea. Hakuna picha ya kutoka nje inayoweza kukuonyesha aina ya kila seli, mpangilio wa kolajeni na mishipa midogo ya damu kwa ubora wa kipande kilichopakwa rangi chini ya hadubini. Tatizo ni kwamba kipande hicho hukipata mara moja tu, na mnyama aliyekitoa hawezi tena kukuambia nini kingetokea wiki inayofuata.

Chukua jaribio la kawaida lenye vipindi sita vya kuangalia na wanyama wanane kwa kila kipindi. Kwa njia ya kukata utahitaji wanyama 48, na bado kila kipindi kitakuwa na wanyama tofauti, hivyo unapoona mabadiliko kati ya wiki ya nne na ya nane huna uhakika kama ni kiunzi kilichobadilika au ni wanyama waliotofautiana tangu mwanzo. Kwa njia ya picha unawafuatilia wanane walewale kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila mmoja akilinganishwa na nafsi yake, na mwisho wa jaribio unawakata haohao ili kuthibitisha kile picha zilichodai. Tangu Russell na Burch walipoeleza mwaka 1959 wajibu wa kubadilisha, kupunguza na kuboresha matumizi ya wanyama katika utafiti, hoja hii imekuwa na uzito wa kimaadili pamoja na ule wa kitakwimu.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba picha zinazorudiwa huonyesha mambo yanayokuja na kuondoka. Mfano ninaoupenda ni wa mishipa ya damu iliyojengwa juu ya kiunzi kinachoyeyuka. Mwaka 2001 madaktari wa Japani wakiongozwa na Toshiharu Shin'oka walitangaza kwamba walimwekea mtoto wa miaka minne sehemu ya ateri ya mapafu iliyojengwa kwa seli zake mwenyewe. Baadaye nchini Marekani jaribio dogo kwa watoto lilisimamishwa kwa sababu mabomba ya aina hiyo yalibanika mapema, na wagonjwa wakalazimika kutanuliwa kwa puto. Watafiti walirudi kwenye hesabu za kompyuta na kwa kondoo, na mwaka 2020 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kubanika huko kulitokana na mwako wa awali na kulifunguka kwenyewe kadiri kiunzi kilivyokuwa kikiyeyuka. Mtu ambaye angewakata kondoo wote katika wiki za mwanzo angeandika kwamba mishipa hiyo imeshindwa, na vipande vyake vya hadubini vingemuunga mkono kwa asilimia mia.

SWALI: Tunatengeneza haidrojeli, yaani jeli yenye maji mengi, ya kubeba seli na tumeifunga kwa rangi ya floresensi (inayong'aa ikimulikwa) ili tuifuatilie chini ya ngozi ya panya. Wiki ya kwanza mwanga uliongezeka badala ya kupungua. Sasa ni miezi miwili. Hesabu zetu za maabara zinasema jeli imekwisha, lakini mwanga umebaki palepale ukiwa hafifu. Je, kamera yetu ina kasoro?

JIBU: Kamera yenu huenda ni nzima. Mmekutana na ugumu mkubwa kuliko wote katika kazi hii: mnapima rangi, huku mkitaka kujua habari za jeli, na vitu hivyo viwili hufuatana kwa muda tu.

Tuanze na mwanga kuongezeka. Molekuli za rangi zinaposongamana ndani ya jeli huzimana, kwani nishati ambayo moja ingeitoa kama mwanga hunyonywa na jirani yake. Jeli inapovimba kwa maji na minyororo yake kuanza kukatika, molekuli hizo huachana, na kila moja hupata nafasi ya kung'aa. Kwa hiyo ongezeko mlilolipima linaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya kuyeyuka, ingawa mchoro wenu unaonekana kama unasema kinyume. Tiba yake ni kupunguza kiasi cha rangi hadi mwanga uwiane na wingi wa jeli, jambo ambalo mnaweza kulipima kwenye vijichupa kabla ya kumgusa mnyama yeyote: tayarisheni jeli zenye viwango tofauti vya rangi, zipigeni picha, na msivuke kiwango ambacho mwanga unaacha kupanda pamoja na rangi.

Mwanga uliobaki una watuhumiwa watatu. Wa kwanza ni makrofeji, seli ambazo kazi yake ni kumeza mabaki. Hizo humeza vipande vya jeli pamoja na rangi yake na zinaweza kukaa mahali palepale kwa wiki nyingi, hivyo kamera huendelea kuona rangi mahali ambapo hakuna tena kiunzi cha kubeba kitu. Wa pili ni rangi iliyochomoka kwenye jeli na kujishika kwenye protini za tishu. Wa tatu ni panya mwenyewe. Ngozi hung'aa kidogo kwa asili, na chakula cha panya chenye majani ya alfaalfa kina klorofili ambayo hung'aa katika rangi nyekundu kutoka tumboni. Maabara nyingi hubadilisha chakula siku kadhaa kabla ya kupiga picha kwa sababu hiyo tu. Rangi zinazong'aa kati ya nanomita 700 na 900 hupunguza usumbufu huu, kwa kuwa katika masafa hayo damu na maji hunyonya mwanga kidogo, lakini hata hizo hazioni mbali. Mkipita sentimita moja au mbili ndani ya mwili, mwanga hutawanyika kiasi cha kupoteza umbo la kitu.

Ili kuwatenganisha watuhumiwa hao, mnahitaji makundi ya kulinganisha ambayo sikuyaona katika maelezo yenu. Kundi moja lipewe jeli isiyo na rangi, ili mjue panya hung'aa kiasi gani bila msaada wenu. Kundi lingine lidungwe rangi peke yake mahali palepale, ili mjue mwili huiondoa kwa siku ngapi ikiwa haijafungwa popote. Kisha, kwa wanyama wachache katika vipindi viwili au vitatu, itoeni jeli, ikausheni, ipimeni kwa mizani, na mlinganishe uzito huo na mwanga uliopimwa saa chache kabla ya kuitoa. Bila mizani hiyo, mchoro wa mwanga ni mchoro wa mwanga tu. Natalie Artzi, Elazer Edelman na wenzao walionyesha mwaka 2011 kwamba floresensi iliyofungwa imara kwenye polima inaweza kweli kufuata upotevu wa jeli ndani ya mnyama aliye hai, na kwamba uhusiano kati ya vipimo vya maabara na vya mwilini unaweza kutumika kukadiria tabia ya jeli nyingine. Lakini uaminifu wa njia yao ulitokana na ulinganisho wa namna hiyo. Isitoshe, hesabu zenu za maabara zenyewe si sheria. Jeli iliyo kwenye chupa haina vimeng'enya, haibanwi na misuli na haishambuliwi na seli, kwa hiyo huenda ikawa mwilini inakwisha mapema zaidi, au ikachelewa kwa kuzungushiwa utando wa kovu.

Nawaonya pia msidhani kwamba kubadilisha lebo, yaani alama mnayoifuatilia, kutaondoa tatizo. Nanochembe za oksidi ya chuma huifanya jeli ionekane nyeusi kabisa kwenye MRI, na kwa kina chochote cha mwili, lakini makrofeji huzimeza vilevile na weusi hubaki. Isotopu za mionzi hupimika kwa usahihi mkubwa, ila zina saa yao zenyewe: florini-18 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 110, na zirkoni-89 kila baada ya siku tatu na robo hivi. Baada ya mwezi mmoja na siku chache zirkoni hiyo huwa imepungua mara elfu moja, hata kama kiunzi hakijapoteza chembe. Kwa jeli ya wiki mbili inafaa sana, mradi hesabu ya kupungua kwa mionzi ifanyike. Kwa kiunzi cha polikaprolaktoni, polima inayoyeyuka polepole, kinachochukua miaka miwili au mitatu haifai kabisa.

SWALI: Mtoto wetu ana tatizo la njia ya hewa kulegea na kufunga anapopumua. Tumesoma kuhusu kifaa kinachoyeyuka ambacho huwekwa kuishika njia hiyo. Tunaogopa kwamba atapigwa CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) kila mara ili kukikagua. Hofu yetu ina msingi?

JIBU: Wazazi wapendwa, hofu yenu ina msingi, na madaktari wanaoifanya kazi hii wanaijua. Kifaa mlichosoma habari zake pengine ni kile kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan na Glenn Green na Scott Hollister, ambacho kilielezwa hadharani mwaka 2013 baada ya kuwekewa mtoto mchanga mwaka uliotangulia. Ni ganda la polikaprolaktoni lililochapwa kwa tabaka na mashine, lenye umbo la bomba lililopasuliwa upande mmoja, ambalo hushonwa kwa nje ya tawi la njia ya hewa ili kuta zake zilizolegea zivutwe na kubaki wazi. Mwanya wa upande mmoja umeachwa makusudi ili ganda litanuke mtoto anapokua, na polima ilichaguliwa ili ibaki kwa takriban miaka mitatu, muda ambao gegedu za njia ya hewa hupata nguvu zake.

CT ilihitajika tangu mwanzo, kwa kuwa vipimo vya kutengenezea ganda hilo vilichukuliwa kwenye picha za mtoto mwenyewe. Baada ya hapo swali hubadilika. Daktari hahitaji sana kuliona ganda. Anahitaji kujua njia ya hewa imefunguka kiasi gani mtoto anapotoa pumzi, na kama inakua. Kwa kulinganisha, eksirei moja ya kifua hutoa takriban milisiverti 0.1, ambapo CT ya kifua ya kawaida kwa mtu mzima hufika milisiverti tano hadi saba, na binadamu hupokea wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka katika mazingira ya asili. Mashine za watoto huweza kurekebishwa zitumie mionzi kidogo zaidi, na baadhi ya ukaguzi unaweza kufanywa kwa MRI, isiyo na mionzi ya namna hiyo hata kidogo, ingawa mtoto mdogo mara nyingi hulazimika kulazwa usingizi ili atulie. Usingizi huo nao una hatari zake, hivyo msiuchukulie kuwa uamuzi mwepesi. Waulizeni madaktari wenu maswali haya mawili kabla ya kila picha: ni uamuzi gani wa tiba utakaobadilika kutokana na picha hiyo, na je, kuna njia isiyotumia mionzi inayoweza kujibu swali hilohilo? Mtaalamu makini atafurahi kuyajibu.

SWALI: Niliwekewa skrubu ya magnesiamu kwenye mfupa wa mguu. Eksirei ya wiki ya sita imeonyesha doa jeusi kuizunguka skrubu. Ndugu zangu wanasema mfupa unaoza.

JIBU: Inawezekana kabisa kwamba doa hilo ni gesi. Magnesiamu inapokutana na maji ya mwili hugeuka kuwa haidroksidi na kutoa haidrojeni. Gramu moja ya magnesiamu hutoa takriban lita moja ya gesi hiyo mpaka itakapokwisha yote. Skrubu ndogo yenye uzito wa theluthi moja ya gramu itatoa basi kama theluthi ya lita, lakini kwa miezi mingi, na sehemu kubwa huchukuliwa na damu bila kuonekana. Ikizalishwa kwa kasi kuliko inavyochukuliwa, hukusanyika kando ya skrubu na kuonekana nyeusi kwenye eksirei. Madoa hayo kwa kawaida hupungua na mfupa kujaa mahali pake katika miezi inayofuata, na picha ya kulinganisha ndiyo itakayolithibitisha hilo. Hata hivyo, maambukizi nayo huweza kula mfupa na hata kutoa gesi. Ukiwa na homa, wekundu, joto kwenye mguu au maumivu yanayozidi, rudi hospitali leo na usisubiri miadi. Kama huna dalili hizo, mwombe daktari aliyekupasua aitazame picha yeye mwenyewe, kwa sababu msomaji wa picha ambaye hakuambiwa kwamba skrubu ni ya magnesiamu anaweza kuliita doa hilo ugonjwa.

SWALI: Baba yangu aliwekewa stenti inayoyeyuka, yaani kibomba cha wavu cha kuushika mshipa ubaki wazi, kwenye ateri ya moyo miaka kadhaa iliyopita. Sasa nasikia stenti hizo ziliondolewa sokoni. Je, inaweza kuonekana ilipo?

JIBU: Kama ni ile ya polima iliyotumika zaidi, iitwayo Absorb, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2016, na mtengenezaji wake akaacha kuiuza mwaka 2017 baada ya kuthibitika kwamba damu ilikuwa ikiganda ndani yake mara nyingi kuliko katika stenti za chuma. Nguzo zake zilikuwa na unene wa karibu milimita 0.15 na hazionekani kwa eksirei. Ndiyo maana watengenezaji walipachika nukta ndogo za platinamu katika kila ncha, na hizo haziyeyuki. Hata leo, miaka mingi baada ya polima kwisha, nukta hizo zitaonekana kwenye ukuta wa ateri ya baba yako, na daktari atajua kwazo stenti ilianzia wapi na kuishia wapi.

Kwa kuwa nguzo za polima hazitoi mng'ao unaoficha picha kwenye CT kama chuma kinavyofanya, CT ya ateri za moyo huweza kuonyesha nafasi ya damu ndani ya eneo hilo kwa uwazi, bila kuingiza mpira kwenye mshipa. Lakini nguzo zenyewe huonekana tu kwa njia ya mwanga inayoitwa OCT, yenye uwezo wa kutofautisha mikromita kumi hadi ishirini, na ambayo hulazimu katheta iingizwe hadi kwenye ateri. Ni kwa njia hiyo watafiti walipoona, kwa baadhi ya wagonjwa waliopata mgando wa kuchelewa, kwamba nguzo zilikuwa zimekatika bila mpangilio na nyingine kuning'inia ndani ya njia ya damu. Baba yako asiache dawa za kuzuia damu kuganda kwa uamuzi wake mwenyewe. Hilo lizungumzwe na daktari wake wa moyo.

SWALI: Maabara yetu ni changa. Kwa kuanzia tununue kifaa gani cha kufuatilia viunzi kwa wanyama wadogo?

JIBU: Inategemea kiunzi. Mkijenga mfupa, CT ndogo yenye uwezo wa mikromita chache haina mshindani, kwa kuwa mfupa mpya hujionyesha wenyewe; ila mjue kwamba kila picha ya ubora wa juu humpa mnyama mionzi, na mionzi inayorudiwa mara nyingi inaweza kudhuru seli zilezile mnazozipima.

Mkifanya kazi na tishu laini, ningewashauri muanze na ultrasaundi yenye masafa ya juu. Watu wengi huipuuza kwa sababu imezoeleka, na naona hilo ni kosa. Sauti husafiri ndani ya tishu laini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, hivyo kwa megahezi 10 wimbi moja lina urefu wa milimita 0.15, na kwa megahezi 40 hupungua hadi milimita 0.04 hivi, kiasi cha kuona matundu makubwa ya kiunzi chini ya ngozi. Haina mionzi, haihitaji lebo, na inaweza kurudiwa kila siku. Zaidi ya hapo, inapima ugumu. Mashine hutuma msukumo unaozaa wimbi la pembeni ndani ya tishu na kupima kasi yake: wimbi likienda mita 1 kwa sekunde, ugumu ni kama kilopaskali 3, likienda mita 2, ugumu ni kama kilopaskali 12. Hapo mnapata kile ambacho rangi na isotopu haziwezi kuwapa, yaani kama kiunzi kimelegea kabla tishu mpya haijaweza kubeba mzigo. Mipaka yake ni mfupa na hewa, ambavyo sauti haivipiti vizuri.

Msisahau pia namna kiunzi chenu kinavyoyeyuka. Baadhi ya polima, kama polianhidraidi, huliwa kutoka nje kuelekea ndani kama mche wa sabuni, na hizo mnaweza kuzipima kwa ujazo tu. Polima za asidi ya laktiki na ya glaikoliki hazifanyi hivyo. Maji hupenya kote kwa pamoja, na katika kipande kinene asidi inayozalishwa hunaswa katikati na kuharakisha kuoza kwa ndani, hata kiunzi kikawa na uwazi kikiwa bado na sura yake yote ya nje. Mtu anayepima urefu na upana pekee ataandika kwamba hakuna kilichobadilika, wiki chache kabla ya kiunzi kubomoka. Kwa hiyo pimeni ndani ya kiunzi, si mipaka yake tu, na pigeni picha ya kwanza siku ileile ya kupandikiza, jeraha likiisha kushonwa, kwa mipangilio ileile ya mashine mtakayoitumia hadi mwisho.